Mstari wa Udongo Mweupe

Kambi ya barabara, upande wa Walikale
Jumapili, baada ya misa

Papa yangu mpendwa,

Yesu Kristo asifiwe katika nyumba yako, na amani yake ikae nanyi wote mlioko Ngungu, mkubwa kwa mdogo. Goti lako linaendeleaje, lile la kushoto? Bado linakutabiria mvua kabla mawingu hayajaonekana? Na Mama, kikohozi cha baridi kimemwacha? Mwambie asiingie shambani kabla umande haujakauka. Najua hatasikia, lakini mwambie tu, ajue kwamba mwanawe hajasahau tabia yake. Maharagwe yametoka vipi msimu huu? Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili, Papa, kwa sababu habari za moyo ni nyingine, na ndizo zilizonikalisha juu ya gogo hili na karatasi magotini tangu misa ilipokwisha.

Kwanza nakuomba neno moja. Barua hii usiisome mbele ya watu. Isome mwenyewe, ndani, na majirani wakiuliza uwaambie nasalimu. Ile iliyopita uliniandikia kwamba uliisoma uani pa kanisa, ukiwa umesimama juu ya lile jiwe la kengele, na watu wakacheka mpaka wakakuomba urudie. Jibu lako hilo nililitembeza mfukoni mwa shati hadi jasho likala wino. Sasa nikilikumbuka, uso unanichoma.

Unakumbuka nilivyojisifu. Nilisema kwamba kila Jumapili mimi ndiye mshika kibendera wa mpira hapa kambini, kwa kuwa ninajua kusoma na kapita, msimamizi wa kazi, ananiamini. Nilisema watu wa pori hawajui sheria, wanakimbiza mpira kama wanakimbiza nguruwe, na kwamba sisi watu wa milimani ndio tunaowafundisha. Hapo kwenye nguruwe, uliandika, ndipo watu walipocheka zaidi. Mdomo uliponza kichwa, Papa, na wangu ulianza kuniponza siku hiyohiyo, ila sikujua.

Kuna mtu ambaye sikukuandikia jina lake. Nilisema tu kwamba nalala kwa mtu mmoja wa hapa, kana kwamba nalala kwenye ghala. Anaitwa Petro Kubuya. Tunafanya kazi pamoja barabarani, yeye kwa sururu, mimi kwa daftari la majina. Ni mtu wa makamo, anapenda chumvi kupita kiasi, ana mbwa wawili wa kuwinda ambao huwasimulia kazi za mchana kama watu, na kicheko chake huchelewa: mzaha unapita, watu wanahamia jambo lingine, ndipo yeye anaanza kucheka peke yake. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilishikwa na homa tukiwa kazini, mbali na kambi. Wenzangu wa milimani waliona nakufa, wakaenda kumtafuta padiri. Kubuya hakumtafuta mtu. Alinipakia mgongoni kama mkungu wa ndizi, akatembea nami asubuhi nzima mpaka zahanati. Nilipopata nafuu akanipeleka kwake, na mkewe, Mama Anyesi, akanipikia ndizi na mchuzi wa mawese, akaniita mutoto yangu. Tangu hapo nilikula sahani moja na Kubuya. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niko mwaka wa pili na jembe sijapewa.

Kubuya amebatizwa na haachi misa, na anaimba kwa nguvu sauti ambayo haijulikani inakwenda wapi. Lakini pia ni mtunza udongo. Watu wake wana desturi yao ya tohara: wavulana wanaingia porini pamoja na wazee, na mambo ya huko hayasimuliwi. Mimi siyajui na sitajifanya nayajua. Ninachojua ni kwamba udongo mweupe wa kazi hiyo unachimbwa na wazee mahali pamoja tu, katika kijito fulani, na mtu mmoja anachaguliwa kuutunza mpaka msimu ufike. Siku hizo mstari wa udongo huo unachorwa kukata njia, na asiyehusika hauvuki, wala mwanamke, wala mgeni. Kabla ya Kubuya mtunzaji alikuwa baba yake. Chungu chenyewe kilikaa nyuma ya nyumba, chini ya kibanda kidogo, kimefunikwa kwa majani. Siku niliyohamia kwake alinionyesha kwa kidevu.

"Bonifasi, nyumba yote iko yako," aliniambia. "Ile chungu tu, hapana. Iko ya batoto."

"Iko na nini ndani?"

"Udongo."

Nikasema sawa, nikaingia ndani kutandika mkeka wangu. Kwa hiyo usije ukafikiri, Papa, kwamba sikuambiwa.

Sasa nikufahamishe habari ya mpira, kwa vile wewe hukuupenda kamwe. Mchezaji haruhusiwi kukaa mbele karibu na goli la upande wa pili akingoja kuletewa mpira, kama hana wapinzani wawili kati yake na goli. Hiyo inaitwa kuotea. Mimi ninakimbia pembeni, nikimwona mtu ameotea ninainua kibendera, na bao linakataliwa. Lakini uwanja wetu umekatwa porini, una kisiki upande mmoja, na watazamaji wanaingia ndani mpaka siwezi kuona kitu. Kila Jumapili ikawa ugomvi. Nikikataa bao la watu wa pori, wanasema nimewapendelea watu wa kwetu. Nikikataa la kwetu, watu wa kwetu wanasema chakula cha Kubuya kimeniingia machoni. Mara ya mwisho walishikana mashati, na kapita akaapa kwamba wakirudia tena, mpira atauchoma moto.

Ndipo akaingia Padiri Juliani. Anatoka Kanada, nchi ya baridi ambako, anasema, ziwa zima linakuwa gumu hata ng'ombe anaweza kupita juu yake. Vijana wao wanavaa viatu vyenye kisu chini, wanateleza juu ya maji hayo, na kwa fimbo zilizopinda wanafukuza kidude cheusi, bapa kama kifuniko cha mkebe. Mchezo huo wanauita hoki. Jumapili moja mvua ilituzuia kucheza, tukajazana katika banda la vifaa, naye akatutolea barua ya kaka yake ambaye ni mwamuzi wa hoki. Huko hawahesabu wapinzani wawili. Kuna mstari umekata uwanja, na sheria ni nyepesi: kidude kitangulie kuvuka, ndipo mtu afuate. Mtu akitangulia, ameotea. Basi barua ilieleza ubishi mkubwa uliozuka kwao. Wengine wanataka sheria ibadilishwe, ili yule aliyetangulia, kama atarudi mwenyewe na kugusa mstari, asamehewe na mchezo usisimame. Wengine, na kaka yake Padiri ni mmoja wao, wanasema hapana, firimbi ipulizwe palepale.

"Sisi hapa tunapigana kila juma juu ya macho ya Bonifasi," alisema Padiri. "Tuchore mustari kama ya kwetu. Mustari haiko na ndugu. Uwanja yetu iko mufupi, moja inatosha, katikati. Lakini munisaidie: muntu akitangulia, tupulize, ao tumuache arudie?"

Ungekuwepo, Papa, ungedhani tunajadili mpaka wa shamba. Watu walipanda juu ya mikokoteni ili wasikike. Watu wa milimani wengi walitaka firimbi. Watu wa pori walimwachia Kubuya aseme, naye akasimama akiwa bado amevaa kikofia chake cha majani anachovaa akicheza mpira.

"Padiri, ile mambo ya kaka yako tunaijua," alisema. "Kwetu iko vile ku kuwinda. Tunapanga nyavu, bantu banasimama nyuma, bambwa banafukuza nyama. Kijana mwenye haraka anapita mbele ya nyavu. Iko kosa, sikatae. Lakini hatusimamishe mawindo. Tunamuita: rudia! Anarudia, anagusa nyavu na mukono, basi, eko tena pamoja na sisi. Kama tunasimamisha mawindo juu ya kila muntu ya haraka, tutakula nini?"

Watu wa pori wakaitikia, na hata wa kwetu wawili watatu wakatikisa kichwa. Niliona maneno yake yanaingia. Na mimi, badala ya kufurahi kwamba mwenye nyumba yangu anasema vizuri, nilikasirika. Nilisimama.

"Petro, mupira haiko nguruwe," nilisema. "Sheria njo sheria. Muntu ametangulia, ametangulia. Hata akirudia mara kumi, kosa iko palepale. Mukianza kumusamehe muntu juu amegusa mustari, kesho mutasamehe mwizi juu amegusa mulango."

Banda lote lilicheka. Watu walipiga makarai kwa mikono. Kubuya aliniangalia, akaketi, na wote walipokwisha kunyamaza ndipo na yeye akacheka, kama kawaida yake. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono, firimbi ikashinda. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikala chakula chake.

Padiri alinipa kazi ya kuchora mstari kwa ajili ya Jumapili iliyofuata, siku ambayo bwana wa barabara, mkubwa wa kazi yote, angekuja kutazama. Nilijibu mbele ya wote kwamba chokaa iko magazini, kwenye ghala la kambi, na mtunza magazini ni rafiki yangu. Hakuwa rafiki yangu. Jumamosi aliniambia chokaa ni ya daraja, si ya mchezo, akanifungia mlango.

Ningeweza kumwambia Padiri kwamba chokaa imekosekana. Ningeweza kuchora kwa majivu. Jiko la Mama Anyesi lilijaa majivu. Nilifikiri majivu, Papa, ukweli wa Mungu niliyafikiri, nikaona mstari utakuwa mchafu na bwana wa barabara atauliza ni nani aliyeuchora. Ni kwa sababu hiyo tu. Jumapili asubuhi Kubuya alikuwa amekwenda kutazama mitego yake, Mama Anyesi alikuwa mtoni. Nilisimama mbele ya kile kibanda na ndoo mkononi. Na hapo nilikukumbuka wewe. Nilikumbuka mahubiri yako ya Kwaresima, uliposema vitu vya mababu ni udongo mtupu. Nikajiambia: kama ni udongo mtupu, nani ameibiwa? Neno lako la kanisani nikaligeuza koleo la kuchotea. Nilikwangua chungu mpaka chini, nikarudisha majani juu yake kama yalivyokuwa.

Mstari ulipendeza. Niliuchora kwa fungu la nyasi, mweupe, umenyooka, kutoka ukingo hadi ukingo, hata bwana wa barabara aliusifu. Firimbi ya kuanza ilipolia, watu wa milimani wakauvuka huku na huko wakifuata mpira. Watu wa pori hawakuvuka. Walikuwa wanafika pale mbio, mguu unasimama. Mpira unavuka, wao wanabaki wakiutazama unavyokwenda mpaka unaokotwa. Tulifunga mabao mawili, tukacheka. Nilidhani, au nilijifanya nadhani, kwamba hawajaelewa sheria mpya. Nilikimbia pembeni na kibendera nikipiga kelele, "Mupira imeshapita! Sasa muingie! Muingie!" Wanawake wao waliokuwa wamekuja kutazama walianza kurudi nyuma, mmoja mmoja, mbali na uwanja.

Kubuya alikuja polepole mpaka kwenye mstari. Akavua kikofia. Akachutama, akachukua udongo kidogo, akausaga kati ya vidole, akaunusa. Mchezo ulisimama wenyewe.

"Bonifasi," alisema, "hii ulitoa wapi?"

Papa, wote walikuwa pale. Padiri na firimbi yake, bwana wa barabara kwenye kiti, watu wa kwetu, watu wake. Angenipiga, pengine ningesema kweli. Lakini aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Magazini," nilisema. "Iko chokaa ya daraja."

"Chokaa ya daraja."

"Njo ile."

Padiri akafurahi kupata maelezo. Akawaambia vijana, "Mumesikia? Iko chokaa tu. Tucheze!" Nao wakaamini, kwa nini wasiamini? Walicheka kwa kujionea haya, wakavuka, wakaanza kukimbia juu yake kwa miguu yao mpaka mstari ukawa matope. Wanawake wakarudi kutazama. Na wakati wa mapumziko Mama Anyesi, ambaye alinihurumia kwa kukimbia pembeni juani, alichota maji katika kibuyu, akaukanyaga ule mstari, akauvuka, akaniletea ninywe. Nilikunywa. Akaniuliza kama yananitosha.

Kubuya peke yake hakuvuka. Kipindi kizima alisimama upande wake, kikofia mkononi, na watu wa kwetu wakimtania, "Kubuya, umezeeka?" Aliwajibu, "Nimezeeka."

Nilichelewa makusudi kurudi. Nilipofika, kile chungu kilikuwa mlangoni, kimefudikizwa. Mkeka wangu ulikuwa umekunjwa vizuri na kuwekwa kibarazani. Chakula changu kilikuwa kwenye sahani peke yake. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyepaza sauti. Mama Anyesi alinipitia, akasema, "Mugeni, kula, chakula inapoa." Tangu siku hiyo ananiita hivyo, mugeni. Neno mutoto yangu sijalisikia tena.

Ngoja umalize, kwa sababu bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Siku ya tatu wazee wao walikuja kuuliza habari za udongo, maana msimu ulikuwa karibu. Nilikuwa kibarazani, nikasikia yote. Kubuya aliwaambia mvua ilivuja kibandani, udongo ukaharibika. Alisema ni uzembe wake. Mtu ambaye hajawahi kuezeka vibaya hata banda la kuku, Papa, alisimama mbele ya wazee wake akasema paa lake linavuja, ili asiseme mgeni wake ni mwizi. Walimjibu kwamba mtunzaji ambaye paa lake linavuja si mtunzaji. Msimu umeahirishwa. Mvua zikipungua watakaa tena, watamnyang'anya kazi hiyo ya baba yake na kumpa mtu mwingine. Anapopita njiani vijana sasa wanamwita Paa.

Na mimi nilisikia hayo yote nikanyamaza. Wiki mbili nilinyamaza, Papa. Niliandika majina ya watu asubuhi, na nikifika kwa Petro Kubuya niliandika bila kuinua macho.

Hatimaye nilimwendea Padiri, nikamwambia yote, nje, tukitembea. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Kubuya, akavua kofia yake, akamwomba msamaha kwa kuwaambia vijana wacheze. Kubuya akamjibu, "Padiri, weye hukujue." Hakuniangalia. Hakuhitaji kuniangalia.

Kesho yake nilimngoja Kubuya njiani akitoka kazini, nikamwambia nitakwenda kwa wazee wao niseme ni mimi.

"Na nani?" aliniuliza.

"Peke yangu."

"Hapana. Muntu bila muzee wake, maneno yake iko upepo. Batasema Kubuya amemupanga mugeni wake aseme uwongo, apate kurudishiwa chungu. Kosa ya mutoto inaletwa na baba yake. Baba yako eko muzima?"

"Eko."

"Basi, akuye hapa."

"Kubuya, baba yangu eko katekista. Anahubiri juu ya ile mambo, anasema iko mbaya."

Alitembea hatua kadhaa. Mbwa wake walikuja kumlaki, akawashika vichwa. Kisha akacheka kidogo, kwa kuchelewa kwake kule kule, na moyo wangu ukaruka, kwa sababu sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu siku ile.

"Na juu ya wizi," alisema, "anahubiri pia, ao hapana?"

Papa, nimeandika barua hii kwa sababu ya swali hilo. Nakuomba uje. Najua ninachokuomba. Wewe uliyechoma hirizi mbele ya kanisa, nakuita uingie porini mpaka kwa wazee wa tohara, ukae kwenye kigoda chao, useme mwanangu aliiba udongo wenu na kudanganya. Sikuombi uuabudu ule udongo. Nakuomba useme tu kwamba ulikuwa na mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha amri ya saba kwa fimbo ya mwanzi, na hukuniambia kwamba ina watu iliyowaacha nje.

Omba karatasi ya ruhusa ya njia mapema, kwa maana ofisini wanachelewesha. Ushuke Sake siku ya soko. Kuna makamioni ya mizigo yanayopanda mpaka Masisi, na kutoka Masisi uulize watu wa barabara, wote wanajua kambi yetu. Mahali pa kutembea utembee polepole, goti lisije likakuangusha. Mbuzi wa kulipia kosa usilete, nitamtafuta hapa. Lete maharagwe ya Mama, yale mekundu, na viazi. Wazee watakaa mvua zikipungua. Ukija baada ya hapo, chungu kitakuwa kwa mtu mwingine, na Kubuya atakufa akiitwa Paa kwa ajili yangu.

Nimeufikiria sana ule ubishi wa hoki. Kaka yake Padiri na mimi tulikuwa upande mmoja: aliyetangulia ametangulia. Nilishinda kwa kura, nikashangiliwa. Leo hakuna mtu kambini anayetamani kuliko mimi kwamba Kubuya ndiye angeshinda. Kibendera nimekirudisha kwa Padiri. Jumapili hii wamecheza bila mstari, wakagombana kama zamani, na mimi sikuinuka kwenye gogo hili.

Sasa nimerudi kusoma nilichoandika mwanzo. Nilikuomba usiisome barua hii mbele ya watu. Karatasi ni adimu, siwezi kuanza upya, kwa hiyo maneno yale yabaki pale yakinisuta. Lakini nimebadili shauri. Isome, Papa. Panda juu ya jiwe lile lile la kengele, siku ya Jumapili, mbele ya wale wale waliocheka mpaka ukarudia. Wajue jina la Petro Kubuya. Na pale penye nguruwe, wakicheka tena, waambie ni mimi nimetaka wacheke, ila sasa wajue wanamcheka nani.

Nisalimie Mama, na umshike mkono unapofika kwenye habari ya yule mama aliyeniletea maji. Nisalimie dada Furaha na mumewe mseremala, na mtoto wao ambaye sijamwona. Nisalimie kaka Batisti, anayelima shamba langu kando ya lake. Mwambie asinifiche kama magugu yamelishinda. Nisalimie Mama mkubwa wa ng'ambo ya kijito, mpiga kengele, na mwalimu wa shule, ambaye atasikitika kuona maandishi mazuri aliyonifundisha yamebeba habari kama hizi.

Ninakungoja. Kila siku nikitoka kazini ninafika mpaka inapoanzia njia ya nyumba ya Kubuya, na kabla sijaingia miguu inasimama yenyewe, kama ilivyosimama miguu ya wale vijana. Safari hii, Papa, sitatangulia. Tangulia wewe, nami nitapita nyuma yako.

Ni mimi mwanao, mgeni wa Petro Kubuya,

Bonifasi